Njia tano za bekapu na hifadhidata iliyofutwa: uchambuzi wa kisa cha GitLab.com, Januari 31, 2017

Usiku wa Januari 31, 2017, mhandisi mmoja wa GitLab, kampuni yenye tovuti ambako watengeneza programu huhifadhi msimbo wao, aliandika amri ya kufuta saraka ya hifadhidata. Alidhani yuko kwenye seva ya pili, kumbe yuko kwenye seva kuu, ile iliyokuwa ikihudumia tovuti nzima ya GitLab.com. Aligundua baada ya sekunde moja au mbili na kuisimamisha amri. Katika gigabaiti zipatazo 300, zilibaki kama 4.5.

Kisa hiki husimuliwa sana kama kisa cha amri iliyokosewa, na wengi huishia hapo: kuwa makini na rm, amri ya kufuta mafaili. Nadhani usomaji huo unatupotezea sehemu yenye faida zaidi. Data hufutwa kwa makosa kila siku duniani, diski hufa, programu hukosea na kuandika takataka juu ya rekodi nzuri. Kilichogeuza ajali ya sekunde mbili kuwa tovuti iliyofungwa kwa saa nyingi, na saa sita hivi za kazi za watu kutorudi tena, ni kwamba GitLab walikuwa na njia tano za bekapu na urudufishaji (kunakili data kwenye mashine nyingine papo hapo), na usiku ule wenyewe walikiri kwamba hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi ya kutegemewa. Nyingine hazikuwa zimewekwa kabisa. Data iliyopatikana ilitoka kwenye nakala iliyotengenezwa kwa shughuli nyingine tofauti.

Tunajua haya yote kwa sababu kampuni ilisema. Maelezo ya hatua kwa hatua yalikuwa yakiandikwa kwenye hati ya wazi ya Google wakati kazi ya uokoaji inaendelea, urejeshaji ukarushwa moja kwa moja YouTube na kufuatwa na watu wapatao 5,000 kwa wakati mmoja, na ripoti kamili ikatoka Februari 10. Mficha uchi hazai. Ni kwa uwazi ule tunaweza leo kukaa na kisa hiki na kukichambua kifaa kwa kifaa.

Mpangilio ulivyokuwa

GitLab.com ilitumia programu ya hifadhidata ya PostgreSQL 9.6 yenye seva mbili: kuu, na ya pili iliyokuwa ikipokea mabadiliko kutoka kwa kuu ili ichukue nafasi pale kuu ikianguka. Mzigo wote wa kazi ulikuwa kwenye seva kuu peke yake. Mhandisi wetu alikuwa anajaribu pgpool-II kwenye mazingira ya majaribio ili kuona kama kazi ya kusoma inaweza kugawanywa kwenye seva zaidi ya moja. Ili jaribio liwe la maana alihitaji data ya karibuni. Basi saa 17:20 kwa saa za UTC, ambayo kwetu Afrika Mashariki ni saa 2:20 usiku, akapiga mwenyewe picha (nakala ya hali ilivyo dakika ile) ya diski ya hifadhidata ya uzalishaji, yaani ile inayotumiwa na wateja, kwa kutumia LVM, zana ya kusimamia diski, ili aihamishie kwenye majaribio. Kwa kawaida picha hiyo ilijipiga yenyewe mara moja kila saa 24. Ishike saa hiyo, 17:20.

Kwenye saa 19:00 hifadhidata ikaanza kulemewa. Ilidhaniwa ni watumaji wa taka, na kweli walikuwepo, lakini baadaye ilionekana kulikuwa na sababu nyingine pia: mtu mwenye nia mbaya aliripoti akaunti ya mfanyakazi wa GitLab kuwa ya matumizi mabaya, akaunti ikapangiwa kufutwa kimakosa, na kazi ya nyuma ya pazia ikawa inahangaika kuifuta pamoja na data yake yote. Kufikia saa 23:00 seva ya pili ilikuwa imebaki nyuma mno. PostgreSQL huandika kila badiliko kwenye faili za WAL kabla ya kuligusa jedwali lenyewe, na seva ya pili huishi kwa kusoma faili hizo. Seva kuu huzifuta za zamani inapoona hazihitajiki tena kwake. Seva ya pili ilipochelewa, faili ilizozihitaji zilikuwa zimekwisha kufutwa, na hakukuwa na ghala la pembeni la WAL ambako ingezikuta. Njia pekee iliyobaki ilikuwa kuifuta data ya seva ya pili na kuijaza upya kwa pg_basebackup, zana ya kunakili hifadhidata nzima kutoka seva kuu.

Hapo ndipo vikwazo vilipoanza kufuatana. Kwanza pg_basebackup ikalalamika kwamba thamani ya max_wal_senders, idadi ya juu ya miunganisho ya kutuma WAL, ni ndogo. Ilikuwa 3, ikapandishwa hadi 32. Kuwasha upya kukagoma kwa sababu max_connections, idadi ya juu ya miunganisho, ilikuwa 8,000 na mfumo wa uendeshaji haukuwa na semafo (alama za kuratibu programu) za kutosha. Ikashushwa hadi 2,000. Kisha pg_basebackup ikakaa kimya. Haikutoa kosa wala haikuonyesha maendeleo yoyote. Kukaa kimya kule ni kawaida yake, maana husubiri seva kuu iwe tayari ndipo ianze kutuma data, na wapo wahandisi wa GitLab waliolijua hilo, ila halikuandikwa wazi kwenye mwongozo wa kazi. Mhandisi aliyekuwa zamu, aliyekusudia kumaliza siku yake mapema kabla ya hapo, alihisi huenda majaribio yaliyotangulia yameacha mafaili kwenye saraka ya seva ya pili. Saa 23:30 hivi akaamua aifute saraka hiyo aanze safi. Jina la seva moja lilianza na db1 na la nyingine na db2, na sehemu iliyofuata ilikuwa ileile.

Angalia hali ilivyo dakika hiyo. Seva ya pili ilikwisha kufutwa kwa makusudi kama hatua ya kuitengeneza. Seva kuu imefutwa kwa bahati mbaya. Nakala mbili zilizotakiwa kulindana zimeondoka ndani ya saa moja. Urudufishaji hufanywa ili huduma iendelee mashine moja ikifa, na kwa kazi hiyo ni mzuri sana. Lakini mtu akitekeleza DROP TABLE, amri ya kufuta jedwali, kwenye seva kuu, seva ya pili nayo itaitekeleza kwa utii uleule, pengine ndani ya sekunde moja. Naona bado watu wanahesabu seva ya pili kama bekapu, hasa kwenye ofisi ambazo bajeti ya diski ni ndogo, na naomba waache.

Kutafuta bekapu

Njia iliyotarajiwa kuwa ya msingi ilikuwa pg_dump, zana ya kutoa data yote kwenye faili, kila saa 24, na matokeo yapelekwe S3 ya Amazon, huduma ya kuhifadhi mafaili mtandaoni. Walipofungua hifadhi ya S3 waliikuta tupu.

Sababu yake inafaa kusomwa polepole. Kifurushi cha Omnibus, ambacho GitLab huwapa wateja na walikitumia wenyewe, kilikuja na matoleo mawili ya zana za PostgreSQL. Ili kujua litumike lipi, skripti ilitazama faili ndogo iitwayo PG_VERSION ndani ya saraka ya data ya hifadhidata. Bekapu, hata hivyo, ilikuwa inaendeshwa kutoka kwenye seva ya programu, si seva ya hifadhidata. Kule hakuna saraka ya data, kwa hiyo hakuna PG_VERSION, kwa hiyo skripti ikaangukia chaguo-msingi: 9.2. Na pg_dump ya 9.2 ikiambiwa itoe nakala ya seva ya 9.6 hukataa na kutoka na kosa. Inafanya sawa kukataa, kwa sababu zana ya zamani haifahamu muundo wa toleo jipya na nakala ambayo ingetoka isingeaminika. Kosa lilikuwa wazi kabisa. Ila halikumfikia mtu.

Ripoti za kazi za cron, yaani zinazojiendesha kwa ratiba, zilitumwa kwa barua pepe. Kampuni ilikuwa imewasha DMARC kwenye barua zake, utaratibu wa kuthibitisha kwamba barua imetoka kweli kwa anayedai kuituma, na barua za cron hazikuwa zimetiwa saini ipasavyo. Seva ya kupokea ikazikataa. Uamuzi mzuri wa usalama wa barua pepe ukaua king'ora cha bekapu, na walioufanya hawakuwa na namna ya kujua kwamba vitu hivyo viwili vinahusiana. Kwa kuwa hakuna barua ya kosa iliyofika, watu waliendelea kuamini kwamba bekapu ipo.

Mfumo unaosema tu pale unapokosea hauwezi kutofautishwa na mfumo uliokufa. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa kubwa zaidi la usanifu katika kisa kizima, kubwa kuliko lile la toleo la pg_dump. Tungetaka kinyume chake: kila bekapu inayofaulu iache alama mahali pengine, na chombo cha ufuatiliaji kisichokuwa kwenye seva ileile kipige kelele kinapoona alama ya mwisho ina umri wa zaidi ya saa 26, tuseme, au faili mpya imepungua nusu ya ukubwa wa ile ya jana. Ukaguzi wa ukubwa si mapambo. Skripti nyingi ninazoziona zimeandikwa pg_dump ikimwaga matokeo yake kwa gzip, programu ya kubana mafaili, kupitia mstari wa bomba. Pg_dump ikishindwa, gzip bado inafunga vizuri kabisa kile kisichokuwepo, na shell, programu inayotekeleza amri, inaripoti mafanikio ya amri ya mwisho. Unabaki na faili yenye jina sahihi, tarehe sahihi, na baiti 20 ndani yake. Kuweka set -o pipefail juu ya skripti hufanya shell iripoti kushindwa huko. Ukiongeza kwenye skripti hiyohiyo mstari wa kufuta faili zenye umri wa zaidi ya siku saba, baada ya wiki moja ya kushindwa kimyakimya bekapu nzuri ya mwisho itakuwa imefutwa na skripti uliyoiandika ikulinde.

Njia nyingine ilikuwa picha za diski za Azure, wingu la Microsoft, maana mashine zao zilikuwa huko. Picha hizo ziliwashwa kwa seva za NFS zilizobeba mafaili. Kwa seva za hifadhidata hazikuwashwa, kwa kuwa ilionekana njia nyingine zinatosha. Hapa kuna mtego ninaoukuta hata kwenye taasisi ndogo: kila tabaka la ulinzi linatumiwa kama sababu ya kulegeza lingine. Azure haihitajiki kwa sababu pg_dump ipo. Ghala la WAL halihitajiki kwa sababu seva ya pili ipo. Pg_dump haikaguliwi kwa sababu kuna picha za LVM. Ukiyahesabu kwenye karatasi unapata tabaka tano, lakini kila moja linaegemea lingine ambalo halijapimwa.

Ikabaki LVM. Picha hizi hazikukusudiwa kuwa bekapu hata kidogo. Zilikuwa njia ya kupeleka data kwenye mazingira ya majaribio. Ile ya saa 17:20 ndiyo iliyowaokoa. Kama mhandisi asingekuwa na hamu ya kujaribu pgpool-II jioni ile, wangerudi kwenye picha ya kawaida ya kila saa 24, na hasara ingekuwa kubwa zaidi. Ni mhandisi huyohuyo aliyefuta.

Saa kumi na nane za kunakili

Kuwa na nakala ni jambo moja, kuirudisha mahali pake ni jambo jingine. Data ilikuwa kwenye mashine za majaribio, na mashine za majaribio, kama ilivyo kila mahali, zilikuwa za bei nafuu. Diski zake zilibanwa kwenye megabiti kama 60 kwa sekunde, na hapakuwa na njia ya kuzipandisha daraja kwa haraka. Kunakili data kurudi kwenye uzalishaji kulichukua saa zipatazo 18. Kila anayepanga bekapu anapaswa kufanya hesabu hii kabla: ukubwa wa data ugawe kwa kasi halisi ya sehemu ya polepole zaidi kwenye njia ya kurudi. Gigabaiti 300 kwa megabiti 60 ni zaidi ya saa 11 hata mambo yote yakienda vizuri. Ofisi inayotunza bekapu yake kwenye wingu la nchi ya mbali na kutegemea intaneti ya kawaida kuishusha ina hesabu mbaya zaidi ya hiyo, na si lazima ingoje ajali ndipo iijue. Hesabu hiyo ndiyo itakayokuambia kama unahitaji nakala moja ya karibu, kwenye jengo au mtandao wa ndani, pamoja na ile ya mbali.

Kisha kukatokea tatizo ambalo kwangu ndilo kiini cha suala zima la kurejesha kila kinachohitajika. Nakala ya majaribio haikuwa kamili. Utaratibu wa kuhamishia data kwenye majaribio ulifuta webuhuku, yaani miunganisho ambayo wateja wameiweka ili GitLab iziarifu mashine zao pale msimbo unapobadilika. Zilifutwa kwa sababu nzuri: mashine ya majaribio isije ikaanza kupiga simu za kweli kwa mifumo ya wateja. Lakini ukizirejesha data hizo kama zilivyo, tovuti itarudi hai, watu wataingia, kila kitu kitaonekana salama, na miunganisho ya wateja wote itakuwa imekatika bila ujumbe wowote wa kosa. Waliligundua. Wakatengeneza hifadhidata nyingine ya majaribio kutoka kwenye picha ileile ya LVM, safari hii bila kuendesha hatua ya kufuta, wakatoa jedwali la webuhuku peke yake kwa SQL na kuliingiza kwenye hifadhidata iliyorejeshwa. Hifadhidata ilirudi kwenye saa 17:00 UTC ya Februari 1, na webuhuku na ukaguzi wa mwisho vikakamilika saa 18:00 hivi.

Walifanya jambo jingine la busara ambalo halitajwi sana: vihesabu vyote vya namba za utambulisho vilisogezwa mbele kwa 100,000. Fikiria kwa nini. Kati ya 17:20 na ajali kulikuwa na miradi na maoni yaliyopewa namba, na namba hizo zilikwisha kutoka nje: kwenye barua pepe, kwenye viungo, kwenye mifumo ya watu. Hifadhidata iliyorudi nyuma haizijui, na ingeanza kuzigawa upya kwa vitu vingine. Chukua mfumo wa SACCO unaotoa stakabadhi zenye namba. Ukirejesha nakala ya saa sita zilizopita na kuendelea kutoa stakabadhi bila kusogeza kihesabu, kesho wanachama wawili watakuwa na karatasi zenye namba moja na kiasi tofauti. Na miamala ya simu iliyopita ndani ya saa hizo itakuwa imeandikwa kwa kampuni ya simu na haipo kwako. Kurejesha hakuishii pale hifadhidata inapowaka.

Kilichopotea ni kile kilichoingia kwenye hifadhidata kati ya 17:20 na 00:00 UTC. Walikadiria miradi kama 5,000, maoni kama 5,000 na akaunti mpya kama 700. Hazina za Git, yaani msimbo wenyewe, na wiki hazikupotea, kwa kuwa zilikaa kwenye mfumo wa mafaili na si ndani ya PostgreSQL. Lakini mradi uliofunguliwa saa 20:00 ulibaki na msimbo kwenye diski ilhali rekodi yake haipo, na tovuti haiwezi kuonyesha kitu ambacho hakimo kwenye majedwali. Mfumo wowote wenye vipande viwili vya namna hii, rekodi kwenye hifadhidata na nyaraka au picha kwenye folda, una saa mbili tofauti za kurejea, na mpango wa bekapu lazima useme waziwazi vitapatanishwa vipi.

Kupanga kuanzia upande wa kurejesha

Tuchukue mpangilio uleule, PostgreSQL ya gigabaiti 300, tuuwekee bekapu kwa kuuliza kwanza swali la mwisho: mashine hii ikitoweka sasa hivi, nahitaji nini ili huduma irudi kwenye mashine tupu?

Jibu la kwanza ni data yenyewe hadi dakika gani. Pg_dump ya mara moja kwa siku maana yake umekubali kupoteza hadi siku nzima. Kwa baadhi ya mifumo hilo linavumilika, na mwenye biashara ndiye wa kulisema, si fundi. Kwa GitLab.com halikuvumilika. Walichokosa ni nakala ya msingi pamoja na ghala la WAL nje ya seva: archive_command ikipeleka kila faili ya WAL mahali salama, unaweza kuiambia PostgreSQL ijirejeshe hadi saa 23:29, dakika moja kabla ya kufutwa. Hasara ya saa sita ingekuwa ya dakika. Ghala hilohilo pia lingeiponya seva ya pili ilipobaki nyuma, bila mtu yeyote kulazimika kufuta saraka. Lina masharti yake. Archive_command irudishe sifuri pale tu faili imefika kweli, kwa sababu PostgreSQL inaamini jibu hilo na kufuta faili yake. Ikiendelea kushindwa, faili hurundikana hadi diski ijae, kwa hiyo nayo ifuatiliwe. Na kwenye mfumo wenye shughuli chache uweke archive_timeout, muda wa juu wa kusubiri kabla ya faili kusafirishwa, vinginevyo miamala ya saa kadhaa inaweza kukaa ndani ya faili moja ya megabaiti 16 isiyojaa na isiyosafirishwa.

Bado ningeweka pg_dump pembeni. Faili za WAL hubeba kila badiliko, pamoja na uharibifu wa ndani wa kurasa za diski, na nakala ya msingi hairejei kwenye toleo jingine kubwa la PostgreSQL. Pg_dump inasoma kila mstari wa kila jedwali, inaweza kuingizwa kwenye toleo jipya, na inakuruhusu kuchomoa jedwali moja kama walivyohitaji kwa webuhuku. Iendeshwe na zana za toleo la seva, kwa kutaja njia kamili ya programu badala ya kuiacha skripti ikisie.

Sasa vitu ambavyo watu husahau kwamba havimo. Pg_dump hutoa hifadhidata moja. Watumiaji, manenosiri yao na uanachama wa makundi ni mali ya seva nzima na havimo. Vinataka pg_dumpall yenye --globals-only. Ukivikosa, urejeshaji unajaa makosa ya mmiliki asiyekuwepo, na haki za majedwali zinapotea. Faili za usanidi, postgresql.conf na pg_hba.conf, hazimo, na kisa chetu kinaonyesha thamani yake: nani angekumbuka kwa kichwa saa nane usiku kwamba max_connections inatakiwa iwe ngapi? Viendelezi kama PostGIS, cha data za ramani, vinatajwa tu kwa jina. Programu yake lazima iwe imesakinishwa kwenye mashine mpya. Wanaotumia MySQL wana la kwao: mysqldump kwa kawaida huchukua vichochezi vya majedwali, lakini taratibu zilizohifadhiwa na matukio yaliyopangwa huviacha hadi uombe --routines na --events. Mfumo unarudi, ripoti ya mwisho wa mwezi haitoki, na hakuna anayeunganisha mambo hayo mawili kwa wiki tatu.

Halafu funguo. Mfano mzuri unatoka kwa programu ya GitLab yenyewe, ile ambayo taasisi nyingi huisakinisha kwenye seva zao. Amri yake ya bekapu inachukua hifadhidata na hazina, lakini haichukui gitlab-secrets.json, faili yenye funguo zilizotumika kusimba baadhi ya safu ndani ya hifadhidata. Wameiacha nje kwa makusudi, kwani kuweka ufunguo pamoja na kufuli kungeondoa maana ya kusimba, na nyaraka zao zinaonya wazi kwamba uitunze mwenyewe mahali pengine. Asiyesoma onyo hilo anarejesha kila mstari wa data na kukuta watumiaji wenye uthibitisho wa hatua mbili hawawezi kuingia, na vigezo vya siri vya CI, mfumo wa kujaribu msimbo unaojiendesha, havisomeki. Data ipo yote na haitumiki.

Mahali pa kuweka nako kuna kanuni. Seva ya uzalishaji iwe na ruhusa ya kuongeza bekapu mpya lakini si ya kufuta za zamani. Vinginevyo mvamizi aliyeingia kwenye seva, au msimamizi aliyechoka, anaweza kufuta vyote kwa kikao kimoja. Kufuta kwa umri kufanywe na hifadhi yenyewe kwa sera yake, au na mashine nyingine yenye akaunti nyingine.

Swali la nani

Ripoti ya GitLab iliuliza kwa nini mara kadhaa mfululizo hadi ikafika kwenye mzizi. Kwa nini utaratibu wa bekapu haukuwa unajaribiwa? Kwa sababu haukuwa na mwenyewe. Hakuna aliyepewa jukumu la kuujaribu. Walimtaja mhandisi kwa jina la jumla tu, walisema hadharani kwamba hatafukuzwa, na hatua zao zilienda kwenye mfumo: rangi tofauti kwenye mistari ya amri ya seva za uzalishaji na za majaribio, picha za LVM kila saa badala ya kila saa 24, ufuatiliaji wa bekapu kupitia chombo cha Prometheus, majaribio ya urejeshaji yanayojiendesha yenyewe, na mtu wa kusimamia uimara wa data. Naheshimu sana uamuzi wa kutomtoa mtu kafara. Ukimfukuza aliyekosea, waliobaki watajifunza kuficha, na hifadhi tupu ya S3 ingebaki tupu.

Ukitaka kujaribu urejeshaji kwenu, usimpe kazi hiyo aliyeandika skripti. Anajua mambo mengi ambayo hayakuandikwa. Mpe mwenzake mashine tupu, mwongozo uliochapishwa, na umkataze kugusa seva ya uzalishaji kwa lolote, hata kutazama toleo la programu. Aanze kuhesabu muda tangu dakika ya kwanza. Hifadhidata ikiwaka, alinganishe idadi ya mistari kwenye majedwali makubwa na ile iliyorekodiwa wakati wa bekapu, atafute muamala wa mwisho una saa ngapi, kisha aingie kupitia programu yenyewe kama mtumiaji wa kawaida, afungue waraka ulioambatishwa na kutoa ripoti moja. Mara nyingi atakwama kabla ya yote hayo, kwenye nenosiri la kufungulia bekapu iliyosimbwa, kwa sababu nenosiri hilo limeandikwa kwenye faili moja tu, na faili hiyo iko kwenye seva ambayo zoezi linadhani imekufa. Lipelekwe leo kwa watu wawili, kwenye sehemu mbili tofauti.